Samaki wa Zege Watatema Maji

Jumatatu, 3 Machi

Thubutu! Katibu wa baraza kaingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, akaniambia madiwani wameitisha kikao cha kunihoji. Alhamisi. Mimi, meya mzima, nihojiwe kama kibaka! Wanataka kujua kwa nini soko halina maji tangu pampu iungue, na kwa nini taka zimelala pale mpaka zimeota majani. Majibu yasipowaridhisha, watapiga kura ya kuning'oa.

Najua mkono wa nani huu. Diwani wa kata ya sokoni. Kabla ya siasa alikuwa mkunga, na mpaka leo watu wanamwita hivyo, Mkunga. Sauti ya chini, macho hayapepesi. Nusu ya baraza walizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo wanamwonea haya. Mimi nilizaliwa kwingine. Simwogopi.

Nikamuuliza katibu kama kanuni zinaruhusu meya kuugua siku ya Alhamisi. Akasema zinaruhusu kabisa, ila nitalazwa zahanati ya sokoni, nayo haina maji. Ana dharau huyu. Nitamhamisha.

Mezani Mama Watoto akanishauri niseme ukweli: kwamba pampu mpya ilishanunuliwa, nami nikaamua ifungwe kwenye chemchemi yangu mbele ya ukumbi wa baraza. Nikamwambia ile si chemchemi tu, ni sura ya mji. Samaki wa zege wakitema maji juu! Wageni watapiga picha. Nani anapiga picha bomba la sokoni? Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Jumanne, 4 Machi

Mipango imekamilika. Kichwa hiki! Wasionijua watanijua.

Diwani mmoja ni kinyozi, tena ndiye anayeninyoa, kwa hiyo kichwa changu anakijua kuliko mtu yeyote. Nimemwomba aulize swali la kwanza, la kirafiki: nini siri ya maendeleo ya mji chini ya uongozi wangu? Nikamfundisha na jibu, ajue wapi pa kuanzisha makofi. Alilikariri huku wembe uko shingoni mwangu. Alipokosea sikumsahihisha.

Kisha taka. Kesho madiwani wanalitembelea soko wajionee wenyewe. Nikamwita dereva wa lori la taka, lile moja linalowaka, nikamwambia asubuhi nisione hata ganda la ndizi. Akauliza amwage wapi, maana njia ya dampo imekatika. Popote, nikamjibu, mradi nisipaone. Akaitikia kwa adabu. Mtu mwelewa.

Na maji? Boza litajaza tangi la soko alfajiri. Nitafungua bomba mbele ya Mkunga, maji yatabubujika, aibu itamwangukia yeye. Nimekaa kwenye kochi nacheka peke yangu. Mama Watoto kaniuliza kama ni homa.

Jumatano, 5 Machi

Siku mbaya. Lakini sikuyumba.

Soko lilikuwa safi kama sahani! Nikatangulia mbele ya madiwani, kifua mbele. Tulipofika bombani nikaazima sabuni kwa muuza nyanya mwenye kibanda pale pembeni, nikajipaka mikono mpaka viwikoni. Povu jeupe, zito. Wapiga picha wakasogea. Nikafungua bomba. Likakohoa. Likatoa upepo. Likanyamaza.

Kumbe wanawake wa soko walisikia boza likimwaga! Wakaja na ndoo, madumu, masufuria, wakalikausha tangi kabla jua halijachomoza. Watu gani hawa? Wanachota maji kana kwamba ni ya kutumia!

Nikabaki nimenyoosha mikono kama daktari anayesubiri kuvishwa glavu. Povu likaanza kukauka, ngozi ikavuta. Mwishowe yule muuza nyanya akachota kikombe kwenye dumu lake, akanimwagia taratibu, akinisugua kati ya vidole kama anayemnawisha mwanawe. Dumu lile hulibeba kichwani kutoka mtoni.

"Pole, baba," akaniambia. "Utazoea tu. Sisi tumezoea."

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikajifuta macho kwa bega. Vumbi la soko hilo, si kitu kingine.

Mkunga hakucheka hata kidogo. Hapo ndipo aliponiudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Suti ya bluu. Viatu vinang'aa. Nimeingia ukumbini kama simba, nikakuta baraza zima limeziba pua.

Dereva! Mahali nisipopaona kumbe ni nyuma ya ukumbi, maana dirisha langu linatazama mbele. Mlima wa taka, umefika usawa wa madirisha! Naibu wangu, aliyeongoza kikao akiwa amejikunjua kwenye kiti changu utadhani alikirithi, akaamuru madirisha yafungwe. Joto. Akaamuru yafunguliwe. Nzi. Nikasema hii ni hujuma ya maadui wa maendeleo. Dereva akaitwa, akaeleza kwa fahari kwamba alifuata agizo la Mheshimiwa Meya neno kwa neno.

Kinyozi akasimama. Akauliza swali vizuri, mtoto wa watu. Nikafungua mdomo kujibu. Hakuwa amemaliza! Woga ulimshika, akaunganisha na jibu, lote, pamoja na "hapa nyamaza kidogo wapige makofi." Akanyamaza kidogo. Akasikika nzi. Kinyozi akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Ndipo akainuka Mkunga. Akauliza pampu mpya iko wapi. Nikasema iko mahali salama. Wapi? Mahali pa heshima. Wapi, Mheshimiwa? Alinitazama kama mtu ambaye uchungu wake umeshafika na hana pa kukimbilia. Jasho likanitiririka mgongoni.

Nikasema iko chini ya samaki.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mkunga akasubiri wamalize, kisha akasema pole pole: "Jana mchana kazaliwa mtoto pale zahanati. Bibi yake ni yule muuza nyanya. Dumu alilokunawishia alikuwa analipeleka wodini. Sasa nieleze, baba, mtoto yule tumwogeshe kwa maji gani?"

Neno samahani lilinijia. Nakiri hapa, ambapo hakuna anayesoma. Lilifika kwenye meno. Lakini nikamwona naibu anavyopapasa mikono ya kiti changu, nikajikuta nimepaza sauti: "Watoto hawazaliwi wachafu!"

Kikao kilikuwa kinatangazwa moja kwa moja redioni.

Wakapiga kura ya kuning'oa. Imekosa kura moja, ya kinyozi, ambaye aliona aibu kutoka msalani. Ushindi mkubwa! Nikapunga mkono. Hawakunitazama, walikuwa wanapitisha azimio jingine: pampu ing'olewe leo leo, iende sokoni, Mkunga asimamie. Na mimi nisimamie kuondoa taka nyuma ya ukumbi. Sitikisiki.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Watoto hanisemeshi tangu redio. Kajaza madumu nyumbani, kayapeleka zahanati mwenyewe, kwa miguu. Nilimwuliza chai iko wapi. Akanionyesha jiko.

Mafundi wameng'oa pampu. Samaki wangu wamebaki midomo wazi, wakavu. Nilisimama karibu nao kuwaaga. Katibu akapita, akasema tumefanana. Kumhamisha kumeshindikana, barua inahitaji sahihi ya naibu.

Nimeshinda na reki mkononi. Harufu imeingia mpaka kwenye suti ya bluu.

Jumapili, 9 Machi

Maji yametoka sokoni! Nimeyasikia kwa jirani. Nikachukua utepe na mkasi, maana mradi wowote wa mji huu ni wangu, na meya hangoji mwaliko. Mama Watoto akanisemesha hatimaye. Alisema maadamu nakwenda huko, nibebe ndoo.

Nilipokata kona nikasimama. Umati! Akina mama, wazee, wanafunzi, mstari kutoka bombani mpaka barabara kuu. Nikainua mkasi juu, nikawasalimu. Muuza nyanya akanishika kiwiko, akaniambia foleni inaanzia kule nyuma, baba. Pembeni yake binti yake amempakata mtoto, kichwa kinang'aa kwa mafuta, ameoga. Akaniomba nimshike kidogo wakati yeye anafunga kanga. Mwepesi ajabu. Alinikamata kidole, hakukiachia. Nikakaa naye muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mkunga alikuwa bombani, akatuona, akatazama kando. Kwa heshima, nadhani.

Nikapanga foleni. Utepe nikaukata nilipokuwa, nikajipigia makofi, nikasogea mbele.

Nimerudi na ndoo imejaa. Mama Watoto kaipokea, kanitazama usoni, katabasamu. Kasema anaona safari hii nimejifunza kitu.

Nimejifunza sana! Maisha yangu yote ya siasa sijawahi kukusanya umati wa namna ile, juani, bila kumsukuma mtu, na wote wakisonga mbele kwa hamu. Siri ni kwamba walikaa muda mrefu bila maji. Mwakani nagombea ubunge. Nikishinda, mabomba ya jimbo zima yatafunguliwa mara moja kwa wiki, siku ya hotuba yangu.