Kila Mtoto na Jibu Lake

Jumatatu, 21 Mei 1984
Mkuu wa shule katangaza: Ijumaa mkaguzi anatoka Arusha kuja kuona ufundishaji wa Kidato cha Kwanza. Atakayemridhisha atakuwa mwalimu wa taaluma, na atapewa nyumba ile ya bati inayotazama ziwa. Nyumba! Nimechoka na chumba changu cha Bagara kinachovuja hadi kitandani. Kipindi kizima nilisimama dirishani, manyunyu yakianguka, nikijiona barazani kwangu nakunywa chai. Yenye sukari! Watoto wakanakili ubao wote, pamoja na tarehe ya Ijumaa iliyopita.

Jumatano, 23 Mei
Mbinu nimepata. Kila mtoto nimempa jibu lake moja la Biolojia, kwa Kiingereza, la kukariri kama sala. Romanus kapewa mapafu. Paskalina wa Nakwa kapewa moyo. Swali likitoka, mwenye jibu anasimama, wengine kimya. Mwalimu Bernadina wa mkondo B kachungulia, kaniuliza kama wanaelewa wanachosema. Wivu tu! Darasa lake ni kelele mtindo mmoja. Eti watoto ndio wanamuuliza yeye maswali!

Alhamisi, 24 Mei
Mvua imekata. Jua zuri ajabu, mlima Kwaraa hauna hata wingu. Dalili njema kabisa. Nimefua shati bila sabuni, maana mji mzima haipo, nikajilaza kwenye nyasi nikiwaza pa kuweka kabati.

Ijumaa, 25 Mei
Aibu gani hii! Jua lile limewatoa wanakijiji wote wa Nakwa na Nangara kung'oa maharage kabla hayajaoza, watoto nao wamo. Nusu ya madawati matupu. Mkaguzi akauliza moyo unafanya kazi gani. Wakatazama dawati la Paskalina. Akarudia kwa Kiswahili. Nikamkonyeza Romanus. Akasimama kwa adabu zote, akamweleza mkaguzi kwamba jibu hilo ni la Paskalina, na Paskalina yuko shambani. Yeye ana mapafu, kama mzee anayahitaji. Mkaguzi akahamia kwa Bernadina, hakutoka humo hadi kengele.

Jumatatu, 28 Mei
Bernadina kapewa taaluma na nyumba. Roho inaniuma, sifichi. Kanishauri kwa upole niwafundishe watoto wote somo zima. Nikamshukuru, nikaenda ziwani kutazama viboko wakizama na kuibuka, hadi akili ikatulia. Kosa nimeliona! Mkaguzi akirudi, kila jibu litakuwa na watoto wawili: mmoja wa Nakwa, na mmoja wa hapa mjini ambaye kwao hawalimi.