Chambo cha Huguette

Jumapili, 8 Juni 2025

Jana: samaki sifuri. Jumamosi ya sita mfululizo. Nimekaa katikati ya mtumbwi nikitoa maji kwa kopo kama mtu aliyeajiriwa. Desturi yetu ndiyo hiyo. Aliyeshika samaki mkubwa wiki iliyopita hukaa mbele na kuwa wa kwanza kutupa ndoana, maji yakiwa bado yametulia. Aliyerudi mikono mitupu hukaa katikati na kopo. Miaka sita nilikaa mbele mimi. Miaka sita! Kisha Huguette, mke wangu, akafariki mwezi wa tatu, nikakaa matanga, nikakosa Jumamosi saba, na Pitshou akapaona mbele ni pazuri.

Pitshou anauza viatu vya mitumba Kansanga, hapa Kampala. Jana alivuta visinja watatu, wale samaki wenye sharubu. Kisha akanigeukia akasema kwa upole, pole, yaya Elisée, yaani kaka mkubwa. Upole wake unauma kuliko kicheko.

Ongom, afande mstaafu, mwenye mtumbwi na mwenye gari linalotufikisha Nile, amesema Jumamosi ya tarehe 21 tutavua kwa ajili ya Huguette. Samaki wote wapelekwe kwa Bibiane, rafiki mkubwa wa marehemu, wapikwe, na sisi tuliomzika tule pamoja. Nimekubali. Nikaongeza kwamba samaki mkubwa siku hiyo nitamleta mimi. Sijui nani alinituma kusema.

Ukweli, na nauandika hapa tu: chambo changu hakikuwa changu. Kila Ijumaa jioni Huguette alijifungia jikoni akakanda donge la unga. Asubuhi nilikuta ameliweka kwenye kopo la majani ya chai. Wenzangu niliwaambia ni siri ya babu yangu wa Butembo, kwetu Kongo. Babu yangu alikuwa mwashi na samaki alikuwa hali. Huguette sikumwuliza hata siku moja anatia nini. Nilidhani nafasi ipo.

Limebaki donge moja kwenye friji, upande wa barafu. Nina wiki mbili za kujua kilichomo.

Jumatatu, 9 Juni

Mpango wa kwanza: uchunguzi. Nimelitoa donge, nimelingoja lilegee. Nimelinusa. Vitunguu. Lakini friji yote inanuka vitunguu, hata maji. Nimelamba. Unga. Nimemega kipande kidogo nikampa kuku wa mama mwenye nyumba, nikamtazama usoni. Kuku akala. Akala na kifungo kilichokuwa karibu. Ushahidi wa kuku haufai.

Alama za vidole vya Huguette bado zipo juu ya donge. Vinne, na gumba. Nimelirudisha kwenye barafu haraka.

Jumatano, 11 Juni

Mpango wa pili: kumzunguka Bibiane. Nimeenda kwake Kisugu kumtengenezea cherehani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Cherehani ilikuwa nzima. Ikabidi kwanza niiharibu kidogo. Nikiwa nimeinama nikasema, kama mtu anayewaza tu, kwamba wanawake wa siku hizi hawajui kukanda unga kama zamani. Bibiane akasema kama nina njaa niseme. Akanipa sahani ya sombe, kisamvu cha kwetu. Nikala. Nikazunguka upande mwingine: hivi Huguette alipenda viungo gani?

Akaweka kijiko chini. “Shemeji, weye sema ile kitu unatafuta.”

Nikasema sitafuti kitu. Akasema basi, siku nitakayotafuta nije.

Nimerudi karakana yangu Namuwongo nikaandika orodha ya watuhumiwa. Mukene wa kusaga, yaani dagaa wa hapa. Machicha ya malwa, ile pombe ya ulezi ya kina Ongom. Mafuta ya cherehani. La mwisho si wazimu. Huguette alinisaidia kazi, na mikono yake ilinukia mafuta hayo miaka yote. Sasa karakana inanukia vilevile na kiti chake hakina mtu. Ijumaa natia vyote vitatu.

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya.

Jana jioni nilikanda. Sikupima chochote. Donge lilinuka hata mama mwenye nyumba akabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Lakini alfajiri nikaanza kumshuku Pitshou. Alikuja mara nyingi Huguette alipokuwa anaumwa. Alimletea viatu laini vya ndani. Mtu aliyeletewa viatu anaweza kutoa siri. Kwa hiyo, mpango wa tatu: tulipokuwa tunapakia nikabadilisha makopo ya chambo. Langu kwake, lake kwangu.

Matokeo. Pitshou, aliyekaa mbele na ana mafua, alitumia donge langu bila kulinusa. Visinja watatu na ngege mmoja. Mimi katikati, na donge lake, sikupata hata wa kugusa ndoana. Nikamwuliza kama utani yeye hutia nini. Hakuficha. Ni unga wa chapati, anamegewa na muuza chapati aliye mbele ya kibanda chake. Kwa hiyo siri ya Huguette nilikuwa nimeipata, nikamkabidhi mpinzani kwa mikono yangu miwili! Na sikupima.

Hilo si baya. Baya ni hili. Donge la mwisho la Huguette nilikuwa nalo mfukoni, kwenye karatasi. Nilitaka liwe karibu tu. Mchana uvumilivu ukanishinda, nikalitoa ili nimege kidogo, kidogo tu. Maji yakapanda ghafla, kama yanavyofanya pale, mtumbwi ukalala upande. Pitshou akashika ukingo. Mimi nikashika kopo la kutolea maji. Kopo! Mikono imeshazoea. Donge likaanguka. Lilizama polepole, nikiliona, jeupe, halafu la kijivu, halafu sikuliona.

Nikasimama. Nadhani nilitaka kulifuata. Ongom akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma akanikalisha. “Fundi, kaa chini. Hii maji hapana ya kucheza.” Hakuuachia mkanda mpaka tukafika ukingoni.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimelala nikitazama ukuta. Nimemkumbuka mke wangu, basi.

Mchana nikaamka nikajaribu kukumbuka vipimo vya Ijumaa. Mukene viganja viwili? Vitatu?

Jumanne, 17 Juni

Ongom amekuja karakana bila sababu. Amevuta kiti cha Huguette, akauliza kwanza kama anaruhusiwa kukikalia, nikasema ndiyo. Amekaa saa mbili. Alisema mvua imechelewa. Baadaye akasema labda haijachelewa. Wakati wa kuondoka akanifungia ndoana mpya kwenye mshipi wangu kwa fundo zuri sana, akaenda zake.

Ni wazi alikuja kupeleleza chambo. Polisi ni polisi hata akistaafu. Nilikuwa nimefunika beseni kwa kitenge.

Lakini saa zile mbili zilipita upesi kuliko zote za wiki hii.

Ijumaa, 20 Juni

Wiki nzima ni kukanda. La kwanza liliota ukungu. La pili lililiwa na sisimizi, ambao baadaye niliwakuta wamekufa. La tatu sitaki kulizungumzia. La sita ndilo lenyewe: mukene viganja viwili na nusu, machicha, tone la mafuta, na vanila kwa ajili ya siku yenyewe. Nimeliweka kwenye kopo lake la majani ya chai. Kopo nimeliweka mlangoni kabisa, nisije nikalisahau.

Kesho, Huguette.

Jumamosi, 21 Juni

Nimelisahau.

Ongom alipiga honi alfajiri, nikatoka na viatu visivyofanana, nikaliruka kopo kama kizingiti. Nimegundua tukiwa majini. Sikusema kitu, kwa sababu wenzangu walikuwa wamepatana bila mimi kwamba leo nikae mbele. Pitshou mwenyewe alinipisha, akachukua kopo la kutolea maji, akaanza kazi bila kunung’unika. Nikaona haya. Miguuni pangu palikuwa na chakula cha Ongom, amefungiwa na mkewe Lamunu. Wenzangu walipoangalia kando nikamega kipande cha posho baridi, ugali wa hapa, nikakichomeka kwenye ndoana.

Nusu saa haikufika. Kisinja! Mkubwa kuliko wote tangu tuanze, kutoka begani mwangu mpaka kwenye vidole. Ongom akapiga kafi majini kwa furaha. Mimi nikaanza kulia mbele ya watu wazima, nao wakageuza nyuso wakatazama miti ya ng’ambo, muda mrefu, mpaka nilipomaliza.

Swali lililonijia palepale: Lamunu anatia nini kwenye posho yake?

Nikamwuliza Ongom. Akasema unga na maji. Nikatabasamu tu. Sisi wanaume hatujui yanayofanyika jikoni.

Kwa Bibiane tulikula watu kumi na wawili katika chumba cha watu sita. Kisinja wangu aliwekwa katikati. Walimtaja Huguette kwa mazuri, kila mtu lake, na Pitshou alisema alipomletea viatu, Huguette ndiye aliyemwuliza yeye kama amekula. Walipoondoka nikabaki kumsaidia Bibiane kuosha masufuria. Nikamwambia, sasa natafuta. Nikasema yote. Cherehani niliyoiharibu, makopo niliyobadilisha, hata babu mwashi.

Akafuta mikono. “Huguette hakukuwa anatia kitu. Unga na maji, basi.”

Nikasema haiwezekani. Akasema Ijumaa ilikuwa siku ya Huguette ya kulia. Tulipokimbia vita kwetu, mama yake hakuweza kutembea, akabaki mlangoni kwake, na siku tuliyomwacha ilikuwa Ijumaa. Hilo mimi nalijua, nilikuwepo. Sikujua kwamba bado linaendelea. “Alikuwa anafunga mulango, anakanda, analia mu ile unga. Hakutaka weye usikie.”

Kila Ijumaa nilikuwa chumba cha mbele. Redio ilikuwa inatangaza mpira na mimi napanga ndoana zangu. Mlango wa jikoni niliusikia ukifungwa. Nilifurahi kuusikia, maana yake Jumamosi imekaribia.

Nikamwuliza Bibiane kwa nini mke wangu hakuniambia. Akasema alitaka, mwanzoni. Halafu nikarudi kutoka mtoni na samaki, nimefurahi, nikiongea tena baada ya miezi ya kunyamaza, naye akamwambia Bibiane, “Afazali kilio yangu inaleta samaki.”

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Kopo lilikuwa bado mlangoni.

Ijumaa, 27 Juni

Wiki nzima usingizi umenikataa. Nimeyageuza maneno ya Bibiane huku na huku, kila usiku, na kila nikifika pale kwenye mlango unaofungwa narudi mwanzo. Kisha leo asubuhi, nikitia mafuta cherehani ya mtu, yakanifungukia. Ni rahisi mno! Nimeona aibu kwamba sikuelewa palepale, mbele ya masufuria.

Chumvi.

Machozi ni chumvi. Donge la Huguette lilikuwa na chumvi! Bibiane anasema hakutia kitu, lakini Bibiane si mvuvi. Posho ya Lamunu bila shaka ina chumvi pia, ila Ongom hawezi kujua. Yote yanakubaliana. Kilichobaki ni kiasi. Huguette alikuwa mtu mdogo wa umbo, na jikoni hakukaa zaidi ya saa moja. Nimekadiria kijiko kimoja cha chai, kisichojaa. Chumvi nimechagua ya Katwe, ile ya ziwa la mpakani, kwa sababu ndiyo tuliyoijua tangu kwetu, na kilio chake kilikuwa cha kule.

Wenzangu sijawaambia. Pitshou kesho atarudi katikati na atakaa huko sana.

Jioni nimefunga mlango wa jikoni. Redio nimeizima ili nisikosee. Unga, maji, kijiko kimoja, na mara hii nimeandika kila kitu pembeni kwa penseli. Nikakanda. Beseni ni lile lake, la bluu, limechakaa upande mmoja pale alipokuwa akiliegemeza tumboni. Na mimi nikaliegemeza hapo. Nikaendelea kukanda, unga ukalainika, nikamwona kabisa alivyokuwa amesimama pale, mgongo kwa mlango, na mimi upande wa pili nashangilia goli. Ndipo machozi yakanijia. Nilijaribu kuyazuia, sikuweza.

Ikabidi nisogeze beseni kando upesi. Yangeharibu kipimo.