Ruta Niliyoitia Kalafati

Leo nimefedheheka, na nimefedheheka kwa upande wa nyuma. Ile picha ya kikoi inayozunguka humu kundini tangu alasiri, msiulizane ni ya nani. Ni mimi. Sasa tulieni niwaeleze ilivyokuwa, kabla watu wa Mombasa hawajawaeleza kwa namna yao.

Binti yetu wa mwisho, Amina, anaishi Mombasa kwa mama yake mdogo. Leo ilikuwa nikaha yake. Mimi ndiye walii, niko Kismayu, na karatasi zangu za safari ziko mezani kwa mtu mmoja ambaye kila nikienda ametoka kunywa chai. Tukakubaliana nitaozesha kwa video. Shekhe wa kule akatoa sharti moja tu: hanijui, kwa hiyo lazima anione uso na anisikie nikitamka mwenyewe. Na simu nyumbani kwetu inashika kwa kubahatisha, kuta ni za mawe ya zamani. Ikabidi tutie waifai.

Hapo ndipo tulipogombana mimi na Mama Amina.

Yeye alitaka ruta ya dukani. Kijidude cheupe chenye pembe mbili kama mbuzi. Unakichomeka, kinawaka taa, basi. Mimi nikakataa. Nimetengeneza mashine za boti miaka arobaini na sijapata kukiamini kitu kisichokuwa na skrubu. Kile cha dukani kimebanwa kwa gundi. Kikifa, kazi yako ni kukizika.

"Mimi nitaunda yangu," nikamwambia.

"Uliunda na jiko," akasema. "Likatuondoa nyusi."

(Kweli. Lakini nyusi ziliota tena.)

Rafiki yangu Fundi Lali, anayetengeneza redio hapa mjini, alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoipata kwenye ofisi moja iliyofungwa bandarini. Akanieleza kwamba kompyuta yoyote huwa ruta ukiitia kadi mbili za mtandao. Waya mmoja unaingia kutoka kwenye dishi la mtandao la juu ya paa, wa pili unakwenda kwenye kiantena kinachogawa waifai. Yeye akaitia programu, mimi nikakaza skrubu. Ilituchukua siku tatu. Ilipowaka, mtandao ulifika mpaka banda la kuku la jirani. Nikamwita Mama Amina aje aone.

"Inanguruma," akasema.

"Hiyo ni feni ya kuipoza."

"Inakula umeme kama friji."

"Lakini ikiharibika naifungua."

"Mimi sitaki ya kufungua. Nataka ya kumwoza mtoto."

Akarudi jikoni. Nikadhani nimemshinda. (Ndoa yetu ina miaka thelathini na sita na bado nadhani vitu kama hivi.)

Lali kabla ya kuondoka alinionyesha matundu ya ubavuni mwa lile sanduku. "Haya yaache wazi, ndiyo pua zake." Nikamwambia sawa. Nilimsikia vizuri. Masikio yangu hayana neno.

Lakini nyumba yetu iko karibu na maji, na chumvi ya hapa mnaijua. Imekula bawaba za mlango, imekula antena ya redio, imekula zipu ya suruali yangu siku ya Idi, na hilo sitalieleza leo. Kisha mimi ni mtu wa kisiwa cha Ngumi. Marehemu baba alikuwa fundi wa kalafati, wa kuziba mashua zisivuje, nami nilianza kumsokotea pamba kabla sijang'oka meno ya utoto. Macho yangu yakiona tundu ubavuni mwa kitu, hayalali mpaka lizibwe. Basi leo asubuhi, baada ya chai, nikachukua pamba, nikaichovya kwenye mafuta ya papa, yale tunayopaka mashua, nikaanza kuziba. Tundu moja moja, kwa patasi na nyundo ndogo. Nilipomaliza, sanduku lile ungelitupa baharini likaelea mpaka Kudhaa.

Ikafika alasiri. Mama Amina ameninyooshea kanzu. Nikamwambia kuna joto, na kamera inaishia kifuani. Juu nikavaa shati jeupe, koti na kofia ya kazi ya mkono. Chini nikabaki na kikoi changu cha nyumbani, chenye kiraka cha gunia la unga.

Simu nikaiegemeza kwenye kopo la sukari. Ile ruta nikaiweka nyuma yangu juu ya stuli, ili Mombasa waione.

Kule Mombasa, sebule ilikuwa ya Mzee Athumani, baba wa bwana harusi, na sura yangu ilikuwa kwenye televisheni kubwa kama mlango. Sasa niseme kweli. Mzee huyu nilimweka miezi minane bila jibu alipokuja kuposa. Si kwa ubaya. Nilipenda kubembelezwa. Kwa hiyo alikuwa amekaa kama mtu anayengoja nimfanyie jingine.

Hotuba ikasomwa. Mimi nyuma yangu nikaanza kusikia harufu. Mafuta ya papa yakipata moto hayana siri. Akaingia paka wa kwanza dirishani. Akaingia wa pili. Wa tatu alikuwa na mimba na akapita mlangoni kama mgeni mwalikwa. Mimi nimekaza uso mbele, natabasamu.

"Haya mzee," shekhe akasema. "Tamka."

"Nime..." nikaanza, na yule mwenye mimba akarukia ruta.

Nikainuka, nikageuka, nikainama kumpiga ndala. Nikapiga moja, nikapiga mbili. Nilipoinuka nikasikia kimya. Feni haingurumi. Nikagusa sanduku, likaniunguza vidole. Lilikuwa limejizima kwa joto, na picha ya mwisho iliyofika Mombasa ni ile nimeinama. Ikaganda pale pale kwenye televisheni, na mwenye simu akaipiga picha. Kiraka chote, mbele ya shekhe, mbele ya mashahidi, na mbele ya kina mama waliokuwa wakichungulia ukumbini.

Mimi huku sijui lolote. Nimejua simu ya Mama Amina ilipolia pale dirishani inaposhika. Ni Amina, analia.

"Mama, Baba amenikatalia? Wanasema walii ametoa mgongo mbele ya wazee. Mzee Athumani anavaa viatu, anawaambia watu wake hii ndoa basi."

Nikanyoosha mkono nipewe simu niseme. Ikakatika. Hapo, jamaa zangu, nikaiona hesabu. Miezi minane ya maringo yangu, sasa mtoto ndiye anayeyalipia.

Mama Amina hakunigombeza. Aliingia chumbani, akafungua kabati, akatoka na kile kijidude cheupe chenye pembe mbili. Akachomoa waya kwenye dude langu, akauchomeka kwenye chake. Taa ikawaka ya kijani.

"Umekinunua lini?"

"Siku ile uliyonionyesha feni."

"Na nani amekitayarisha?"

"Lali. Alisema, shemeji, weka hiki akiba, mumeo namjua."

Sebule ikarudi. Mzee Athumani alikuwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Maneno yote ya adabu yakanikimbia. Nikamnyanyua yule paka mwenye mimba mbele ya kamera, masharubu yanang'aa mafuta.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "ni huyu. Wallahi ni huyu."

Mzee Athumani akamtazama paka. Akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, akakaa chini, akacheka mpaka kiatu kikamponyoka.

"Miezi minane nangoja jibu," akasema, "nikapewa kiraka."

"Uso uwe hapa hapa, mzee," shekhe akasema. "Usiugeuze tena."

Nikatamka. Safari hii neno zima, jina la binti yangu na mahari waliyokubaliana. Bwana harusi akakubali kabla sijafunga mdomo, nadhani aliogopa paka mwingine. Vigelegele vikapigwa Mombasa, Mama Amina akavijibu huku, na mimi nikakaa chini sakafuni kama mzigo ulioteremshwa. Nilitokwa na machozi kidogo. (Moshi wa mafuta.)

Ile yangu Lali ameichungulia na amesema haijafa, pamba ikitolewa itafufuka. Ila yeye haigusi, kwa harufu. Kwa sasa yule paka amelala juu yake na hataki kusogezwa.

Amina ameolewa, ndilo la kushika. Kiraka kisahauni. Na anayeshindwa kukisahau, asinitumie tena hiyo picha. Nimeshaipokea mara kumi na nne, na kila mara inafika upesi sana, kwa ruta ya Mama Amina.