Madoa Niliyoyatangazia Kreta Nzima

Leo nimejianika. Si mbele ya watu wawili watatu, bali mbele ya kreta nzima ya Ngorongoro, viboko wakiwemo.

Nianze mwanzo. Mnajua nina shahada ya utalii wa wanyamapori, na mnajua kazi yake mpaka sasa: kuning'inia sebuleni kwa mama, hapa Karatu, juu ya televisheni. Leo ilikuwa siku yangu ya majaribio kwenye kampuni ndogo inayopeleka wageni porini. Bosi, mama mmoja asiyezungusha maneno, aliniambia wiki iliyopita: "Utashinda na Mzee Tluway, dereva wangu. Akirudi akisema unafaa, Jumatatu unaanza. Akisema hufai, usinipigie simu."

Mtu wa kawaida angelala. Mimi nilikesha wiki nzima nikikariri ndege. (Wageni huwa hawaulizi ndege. Lakini je, wakiuliza?) Nikichoka ndege, nawaza salamu. Niwape wageni mkono au niwapungie? Nikiwapungia, mkono upi? Kufika jana, herufi zilishaanza kuelea kwenye karatasi, na nilikuwa nazubaa katikati ya sentensi kama mtu aliyekatiwa umeme. Mama akasema, "Kichwa chako kimechoka, lala." Nikamjibu kichwa cha msomi hakichoki.

(Mungu alikuwa anasikiliza.)

Asubuhi tukaingia getini na wageni wetu: Bi Mwasiti, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, na mumewe, waliolipiwa safari na watoto wao. Mume alisinzia kabla hata hatujaanza kuteremka. Nilimwonea wivu.

Mzee Tluway ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ni ya kukaripia. Tukishuka kretani akagonga kwa kidole redio ya upepo, ile ya madereva kuitana.

"Msomi, humu hatutaji mnyama. Wageni wa siku hizi wote wanajua maana ya simba. Kwa hiyo simba ni sharubu. Duma ni madoa chini. Chui?"

"Madoa juu, mzee. Kwa sababu anapenda mti."

"Haya. Chui huku chini haonekani ovyo. Ukimtaja, kila gari linakuja mbio. Usimtaje kwa mchezo."

Nikaitikia. Nakumbuka kabisa niliitikia.

Sasa huko chini macho yangu yakaanza mambo yao. Kila kitu kilikuwa na ukungu, hata jua lilipotoka na ukungu wenyewe kuondoka. Nikamwonyesha Bi Mwasiti nyumbu. Bi Mwasiti akasema ni kichaka. Tukajadiliana kwa heshima, tukakubaliana ni kichaka. Nilimwona Mzee Tluway akinitazama kwenye kioo. Jumatatu yangu ilikuwa inayeyuka.

Tukasimama kupumzika msitu wa Lerai, penye vyoo. Mzee akashuka, akanikabidhi kile kipaza sauti cha redio chenye waya wa kujikunja.

"Shika hii. Ukisikia jambo, niambie. Usiguseguse kitu."

Akaenda zake. Nikabaki nawaza. Nishike, lakini nisiguse? Nishike vipi? Nikaamua kukishika kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama mtu aliyepewa kichanga. Kidole gumba kikakaa pale kilipoona pana nafasi.

Pale palikuwa na kitufe.

Kisha nikazubaa. Niliikodolea macho ile migunga ya manjano mpaka ikawa ugali wa manjano, masikio yakajaa pamba, mwili ukabaki kwenye kiti bila mwenyewe. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Sauti ya Bi Mwasiti ndiyo iliyonirudisha.

"Mwanangu we, hapa paitwaje?"

"Lerai, mama. Hapa penye vyoo."

"Na mbona wakodoa macho hivyo? Waona nini?"

"Naona madoa, mama."

"Madoa! Wapi?"

"Juu. Upande wa kulia."

"Mangapi?"

Nikahesabu. (Ndiyo, nilihesabu. Nimesoma.) "Mawili makubwa. Na kadogo kamoja katikati."

"Yametulia?"

"Yametulia nikitulia. Nikiyatazama vizuri yanakimbia."

"Pole mwanangu. Fumba macho."

Nikafumba. Redio ilikuwa kimya kabisa, nikaona ni jambo jema. Walimu wangu hawakunifundisha kwamba ukibonyeza kitufe wewe ndiye unayesema, na kreta nzima ndiyo inayonyamaza.

Nilipofumbua macho niliona vumbi. Nikadhani ni yale yale maruweruwe yangu. Lakini vumbi likaanza kupiga breki.

Magari! Yametoka ziwani, yametoka kwa viboko, mengine bado yana wageni wenye mikate mkononi. Paa ziko juu, kamera zenye urefu wa bomba la moshi zimeelekezwa mitini. Mzee Tluway akatoka chooni anafunga mkanda, anashangaa.

"Kuna nini?"

Dereva wa gari la mbele akamwitikia, "Kijana wako, mzee! Madoa juu, wawili na mtoto! Tumemsikia wote!"

Mzee Tluway akageuka kunitazama. Na jamani, akatabasamu. Sikujua kama ana meno ya mbele. "Msomi! Kumbe una macho! Bosi lazima alijue hili. Wako wapi?"

Pale ndipo ningeweza kuzimia na kila mtu angenielewa. Jumatatu ilikuwa imesimama mbele yangu, inanitabasamia. Nikafungua mdomo.

Bi Mwasiti akaniwahi, akatoa kichwa juu ya paa.

"Wako nini? Chui? Chui gani tena! Si madoa ya machoni mwake haya, maskini! Mtoto wa watu hajalala!"

Halafu kicheko kikaanzia gari la mbele, kikaenda gari kwa gari kama moto wa nyika. Mume wa Bi Mwasiti akaamka, akauliza kama tumefika.

Lakini sikilizeni. Wageni wa magari mengine hawakukubali kuondoka. Wameambiwa chui, wanataka chui. Dereva mmoja, nadhani kwa kuogopa siku yake kuharibika, akanyoosha kidole kwenye tawi lililovunjika, akanong'ona, "Mkia ule pale." Kamera zikalia kama mvua juu ya mabati. Mzungu mmoja akafuta machozi. Kwa hiyo si mimi tu niliyeona madoa Lerai leo, ila mimi ndiye niliyechekwa.

Mzee Tluway akaturudisha Karatu. Bosi alikuwa anatusubiri mlangoni.

"Anafaa?"

Mzee akamjibu, "Sauti anayo. Kreta nzima imemtii. Kichwa ndicho hakikuja kazini."

Bosi akanitazama. "Nenda zahanati sasa hivi. Kisha ulale. Ulale hasa, si kulala na vitabu. Ukishalala, njoo nikujaribu tena. Jumatatu nampa mwingine."

Zahanati muuguzi alinimulika, akaninyooshea vidole, nikavihesabu sawasawa. "Macho ni mazima," akasema. "Kilichochoka kiko nyuma yake." Nilipotoka nikasikia mgonjwa mmoja kwenye benchi anamuuliza mwenzake, "Huyu ndiye Madoa?"

Sasa niko kitandani. Nimeambiwa nisiwaze chochote, na nimeshaanza kuwaza namna bora ya kutowaza. Tafadhali msicheke. Na mkishindwa kujizuia, tazameni kwanza vidole gumba vyenu viko wapi.