Zahanati ya Kiwanja Namba Kumi na Saba

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Ramani na Mwelekeo inautangazia umma kwamba kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayepotea bila kibali. Mimi, Mkurugenzi wa idara, ndiye niliyebuni mpango wa kuwafundisha wanafunzi wa sekondari kuchora ramani kwa simu, ili waitumikie jamii, nayo jamii ipate wa kumshukuru.

Mafunzo yalichukua siku tatu. Mbili zilikuwa za hotuba yangu. Ya tatu, mwalimu wao wa jiografia aliwaonyesha namna ya kusimama mahali, kusubiri simu itulie, kisha kuweka alama. Niliona ni utaalamu uliopitiliza, lakini nikavumilia.

Wiki iliyofuata walileta ramani. Mabomba makavu yalikuwemo, mashimo ya barabarani yalikuwemo. Zahanati haikuwemo, wakati rejista inasema ilikamilika miaka sita iliyopita. Utepe niliukata mwenyewe, na picha iko ukutani ofisini.

Akasimama binti wa kidato cha tatu, wenzake humwita Dira.

"Shikamoo mzee. Tumezunguka mtaa mzima, hatujaiona. Na dada yangu mimba yake imefika miezi tisa, hospitali ni mwendo wa saa mbili. Tungeipata hiyo zahanati tungeshukuru."

"Marahaba. Mwanangu, macho hudanganya, rejista haidanganyi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikamsomea Waraka Namba Nne, niliouandika mwenyewe: ardhi ikitofautiana na rejista, ardhi ndiyo iliyokosea.

"Kwa hiyo tuiweke pale rejista inaposema?"

"Palepale."

"Hata kama pana kitu kingine?"

"Hata kama pana mlima."

Akaniomba sahihi. Nikatia, na muhuri juu yake, maana kwenye maendeleo mkono wangu ni mwepesi.

Hapa sina budi kufafanua jambo dogo la kiufundi. Rejista inaiweka zahanati kiwanja namba kumi na saba. Kiwanja hicho kilikuwa kimekaa bure, nami roho huniuma nikiona ardhi ya umma inaota magugu, nikajenga hapo nyumba yangu ya ghorofa. Namba yake sikuikumbuka. Kwa cheo changu, namba husomwa na walio chini yangu.

Jumanne saa nne asubuhi nilirudi nyumbani kuchukua miwani. Foleni ilianzia getini ikaishia dukani.

"Bosi, shika foleni," alisema mlinzi wangu.

"Hii ni nyumba yangu."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini simu zao zote zinasema ni zahanati, na muhuri ni wako."

Nilipopenya hadi sebuleni nilimkuta dada yake Dira amelala kwenye kochi langu la ngozi, na mke wangu, mkunga mstaafu, amekunja mikono ya gauni.

"Baba nanihii, usisimame kama nguzo. Chemsha maji."

Nikachemsha. Saa tano na robo mtoto wa kike akalia, na mimi nikalia. Nimeagiza ripoti iandike kwamba ulikuwa mvuke.

Kesho yake nilitoa amri alama ile ifutwe. Dira akaja na Waraka Namba Nne mkononi, kifungu cha tisa, nilichokiweka ili miradi yangu isije ikafutwa na atakayenirithi: kituo hakifutwi kikishahudumia hata mtu mmoja.

"Na mtoto ameshaandikiwa cheti, mzee. Mahali alipozaliwa, Zahanati ya Kiwanja Namba Kumi na Saba. Ukiifuta, atakuwa hajazaliwa popote."

Nilitafuta kosa kwenye kifungu hicho siku mbili. Kwa bahati mbaya kimeandikwa vizuri.

Umma ufahamu, basi, kwamba zahanati niliyoikatia utepe sasa imekamilika. Mlinzi amepanda cheo, ni karani wa mapokezi. Mimi nimehamia chumba chake, kile cha getini, ambacho kizingiti chake hakijapimwa ipasavyo. Jana nilijikwaa hapo, mguu ukateguka, nikachechemea hadi mlangoni kwangu. Karani akanipa namba arobaini na moja.

Mke wangu alichungulia, akaniona, akanitazama vizuri kutoka kichwani hadi kwenye mguu uliovimba.

"Namba tisa," akaita.