Ombi la Kuisogeza Nyumba Mbali na Kila Kitu

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba,

Salamu za heshima zikufikie wewe na wote walio chini ya paa lako, ambao natumaini ni wale tu uliowaalika.

Mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto: chumba kimoja, sebule, jiko na choo. Siku dalali aliponileta alisimama dirishani akanionyesha soko, kliniki, kituo cha treni na ofisi za serikali, akasema, "Hapa kila kitu ni kwa miguu, kaka." Hakusema miguu ya nani. Sasa nakuletea malalamiko yangu kwa unyenyekevu.

1. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hupimwa presha kliniki kila Jumanne. Huja Jumatatu ili asichelewe, huondoka Alhamisi ili presha itulie kwanza. "Nilikuwa napita tu, mwanangu," husema, huku akitoa begini kandambili zake, mto wake na sufuria yake. Chumba ni chake.

2. Binamu yangu fundi cherehani amepata wateja mtaani kwetu. Vitambaa vyao vimetandazwa kwenye kochi, kwani anasema kitambaa cha suti hakitaki kukunjwa. Mimi nakunjika, kwa hiyo nilihamia jikoni.

3. Wapitao wengine siwajui. Jumamosi moja mwezi uliopita nilitoka bafuni na taulo kiunoni nikamkuta mzee mmoja kwenye kiti changu, anasoma gazeti langu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, kisha akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nilibabaika, nikaomba radhi na kurudi bafuni.

4. Kuwafukuza siwezi. Utamwambiaje shangazi aliyekubeba mgongoni kwamba nyumba imejaa? Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini wao hawakupanga chumba kimoja karibu na kituo cha treni. Nimechoka, Mheshimiwa. Nilipanga ili nipate mlango wa kuufunga, na huu mwezi wa nane sijaufunga hata mara moja.

Kwa hiyo naomba uisogeze nyumba. Najua jengo ni zito, lakini kilomita kumi tu zingetosha, mahali penye matope na mbwa mkali. Kama hilo ni gumu, ng'oa ngazi; mimi nitajua pa kupandia. Na kama hata ngazi unaionea huruma, basi niandikie barua kali yenye mhuri, kwamba mpangaji wa mlango wa kushoto ni marufuku kuwa na ndugu. Nitaibandika mlangoni, nitasimama mbele yao nikitikisa kichwa kwa huzuni, na itabidi nikuseme vibaya kidogo. Naomba unisamehe mapema.

Ukinikatalia yote matatu, nitajua kwamba nawe una shangazi.

Nisalimie mama mwenye nyumba, watoto, na mlinzi wa getini ambaye siku hizi huniuliza naenda kwa nani. Dalali ukimwona, mwambie nimemkumbuka sana, na siku moja nami nitapita kwake.

Wako mtiifu,
Mpangaji, ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto

Nyongeza: Majibu usiyalete kwangu, maana shangazi hufungua barua zote. Yapeleke kwa dada yangu, jengo la pili kutoka hapo, ambako nalala wiki ya tatu sasa kwa sababu sakafu ya jikoni ina baridi. Naye amepanga chumba kimoja, lakini hana neno. Analala kwenye kochi. Juzi nilimkuta akimwandikia mwenye nyumba wake barua ndefu, ya namba namba kama hii. Nilipomuuliza ana shida gani, aliifunika kwa mkono, akaniuliza naondoka lini. Nilishangaa sana, maana siku ile nilipofika na begi nilimweleza wazi kwamba nilikuwa napita tu.