Namba 33 Ni Yangu Pia

Jumatatu, 14 Oktoba

Hatimaye! Nimeingoja siku hii tangu nikiwa na nywele. Imekuja sasa, magoti yamekwisha na vumbi la mavuno limenijaa puani. Lakini imekuja.

Gazeti la mji linasema kamati ya wahitimu itapiga kura Ijumaa: je, namba 33 ya Roscoe Gaither istaafishwe? Yaani mchezaji yeyote wa Bata Bukini, timu yetu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Harlan Fork, asiivae tena mpaka mwisho wa dunia. Itapakwa rangi kwenye ukuta wa uwanja, kubwa kama mlango wa ghala, na jina chini yake.

Roscoe ndiye mkimbiaji bora aliyewahi kukanyaga nyasi za chuo hiki. Sibishi. Lakini na mimi nilivaa 33! Miaka ileile, timu ileile. Wachezaji wa chuo ni zaidi ya mia, na namba zinaishia tisini na tisa, kwa hiyo mara nyingi wawili hupewa namba moja: mmoja wa kushambulia, mwingine wa kulinda. Roscoe alishambulia. Mimi nililinda. Nililinda benchi, anapenda kusema Duane Rasmussen, jirani yangu, ambaye kwa bahati mbaya yangu ndiye mwenyekiti wa kamati.

Mpango ni rahisi. Naipigania namba ya Roscoe kwa nguvu zote. Ikishapita, nasimama kwa unyenyekevu na kukumbusha kwamba 33 ilikuwa na wenyewe wawili. Jina la Wendell Kratochvil liandikwe chini ya lake. Kwa herufi ndogo tu. Sina makuu.

Nina miaka sabini na mbili. Nimeuza bima ya mazao maisha yangu yote. Mvua ya mawe ikipiga mahindi, watu walinikumbuka. Jua likitoka, wakanisahau. Nataka jina langu libaki mahali pamoja tu hapa duniani, na najua ni wapi.

Nimemweleza mke wangu, Arlys. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata kichwa. Akauliza kama mpango huu ni ndugu wa ule wa zamani wa kutaka nijengewe sanamu. Nikamwambia ule wa sanamu ulihujumiwa. Akasema haya, mume wangu, ila yeye hashiki bango.

Jumanne, 15 Oktoba

Duane anapinga! Nilijua. Amesimama kwenye uzio asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, akanieleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Mtu aheshimiwe, anasema. Jezi yake iwekwe kwenye kabati la kioo, watu waione. Lakini namba iachwe icheze, kwa sababu vijana wanakuja chuoni wakiitamani, na ndiyo njia ya kuwafanya waulize Roscoe alikuwa nani. Nikamwambia hayo ni maneno ya mtu aliyevaa 58. Hakuna binadamu aliyewahi kuomba 58 istaafishwe. Akacheka na kuingia ndani. Kijicho kitupu.

Nikaenda kwa Kocha Pruitt. Nilimkuta amelala macho wazi mbele ya picha za mchezo wa wiki iliyopita. Nilihutubia kama robo saa juu ya heshima. Alipozinduka, akasema, "Mzee wangu, nina vijana mia na ishirini. Walionitangulia wameshastaafisha namba saba. Kila mwaka anakuja babu mmoja na namba yake. Mwisho nitawavalisha nini hawa, herufi?"

Nikamwambia herufi si wazo baya. Akauliza jina langu ni nani vile. Nikamtajia. Macho yakamtoka! Akaniomba nirudie, na nikamtajia herufi moja moja. Akasema, "Kumbe ni mtu." Kisha akaondoka haraka, mkono mdomoni, na nikasikia kicheko cha makocha wote kutoka chumba cha pili.

Sijaelewa. Ila ni wazi kwamba jina langu bado lina uzito pale.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku mbaya. Nimechoka mpaka kwenye nyusi.

Asubuhi nilifunga bango barabarani, mbele ya nyumba: 33 MILELE. Rangi ya chungwa, kitambaa kizuri, upana wa lori. Nilisahau kitu kimoja ambacho mtoto wa jimbo letu la Nebraska hasahau, nacho ni upepo. Bango liling'oka, likapaa juu ya uzio na kutua katikati ya mahindi ya Duane. Na Duane alikuwa anavuna! Nilikimbia nikipunga mikono. Yeye akadhani namsalimia, akanipungia. Mashine ikalimeza bango lote na kulitema upande wa pili, vipande vya rangi ya chungwa juu ya punje za mahindi. Sasa anasema nimemharibia mzigo mzima na watu wa ghala wameukataa. Anasema hanidai kitu, ila niende nikachambue mwenyewe. Nimechambua mpaka saa tisa mchana.

Jioni nikaenda na karatasi za saini kwenye chakula cha kanisani. Ilikuwa chili, mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini, foleni mpaka mlangoni. Nilijiweka pale pale kwenye mikate. Watu walitia saini bila kusoma! Nikafurahi sana. Baadaye mama mmoja akauliza mkate wake wa pili uko wapi, maana ametia saini. Kumbe wote walidhani ni orodha ya nyongeza. Wakafuta majina yao mmoja mmoja, wengine kwa hasira. Mchungaji akanishika bega na kuniambia kuna huduma ya kuwatembelea wapweke, kila Alhamisi.

Nimebaki na saini mbili. Moja ni ya Arlys, na yeye pia aliitaka mikate.

Alhamisi, 17 Oktoba

Roscoe amepiga simu! Mwenyewe! Anakuja kesho kutoka Omaha kwa ajili ya kura, na Jumamosi atatazama mchezo wa wahitimu. Nikajitambulisha kwa uangalifu, nikiogopa atasema hanijui. Akasema, "Kratochvil? Ndugu yangu, wewe nitakusahau vipi?" Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akaomba radhi, akaanza tena.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni kwa muda. Ananikumbuka. Sikumbuki mara ya mwisho kufurahi hivi.

Nikapata wazo kubwa kuliko yote. Kamati ina mioyo ya mawe, kwa hiyo waonyeshwe picha! Maktaba ya chuo ina filamu za zamani. Nikawaomba watafute mbio ndefu kuliko zote za Roscoe, waipeleke mkutanoni kesho. Msichana wa maktaba akasema anayo moja, ya mchezo wa mwisho dhidi ya Chuo cha Benning, karibu uwanja mzima. Akaniuliza kama nina hakika ndiyo ninayoitaka. Nikamwambia binti yangu, hakika kabisa.

Arlys aliposikia ni mchezo wa Benning, akaweka kijiko chini. Akasema Wendell, Wendell, Wendell. Mara tatu hivyo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, filamu za zamani zina ukungu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hazina ukungu.

Ukumbi ulijaa. Roscoe alikaa mbele, fimbo magotini, kichwa cheupe kabisa, mpole kama zamani. Taa zikazimwa. Akaonekana kijana yule ubavuni mwa uwanja, mpira kwapani, anawapita Benning mmoja baada ya mwingine mpaka anafika mwisho. Watu walipiga makofi. Mimi machozi yalinilengalenga, kweli.

Halafu mtu akasema, "Hebu rudisha. Yule wa nyuma ni nani?"

Wakarudisha. Nyuma ya Roscoe kulikuwa na mchezaji mwingine anakimbia, mikono juu, anashangilia. Mgongoni ana 33.

Naandika ukweli hapa, kwa kuwa nje ya hapa hautakiwi. Nilidhani timu yetu inakwenda kupiga mpira wa teke, yaani kuupiga mbali kwa mguu badala ya kukimbia nao. Katika mipira ya teke niliruhusiwa kuingia. Nikaingia. Na kanuni inasema wawili wenye namba ileile hawawi uwanjani kwa wakati mmoja. Kitambaa cha njano cha refa, ishara ya kosa, kinaonekana vizuri sana kikiruka. Mbio zikafutwa, tukashindwa, na ubingwa ukaenda Benning. Mimi hushikilia kwamba refa alikuwa na shemeji Benning.

Duane alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia yake. Nikasimama. Mtu mwingine angekaa, mimi nikasimama! Nikasema filamu hii ni ushahidi: katika mbio kubwa kuliko zote, nilikuwa pamoja naye. Naomba majina mawili ukutani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko upya, na kocha akalazimika kutoka nje.

Ndipo Roscoe akainuka, polepole, na watu wakanyamaza. Alisema anashukuru, lakini hataki. "Mkiitundika ukutani itakuwa picha ya marehemu," akasema. "Mimi bado nala vizuri." Akasema kila Jumamosi magoti humkataza hata kupanda ngazi, lakini akiwasha televisheni na kuona 33 inakimbia, anaipigia kelele kama chizi, na kwa hizo saa chache hana maumivu. Akawaomba wasimnyang'anye. Wakapiga kura. Hakuna aliyeinua mkono kuistaafisha. Mimi mwenyewe niliinua nusu, nikaurudisha.

Basi. Imekwisha. Nilitaka kwenda kulala.

Lakini kocha akarudi na kunivuta pembeni. Akaniambia jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Tangu mwaka ule, kabla ya kila mpira wa teke, kocha msaidizi husimama kando ya uwanja na kupaza sauti: "Kratochvil!" Maana yake ni kwamba kila mtu atazame kulia na kushoto, ahakikishe hakuna namba mbili zinazofanana. Kocha hadi kocha wamerithishana. Wachezaji hulipokea jina, wanalirudia kwa pamoja. Yeye alidhani ni neno tu la Kicheki, lugha ya babu zangu, la kusema "hesabuni". Kule jukwaani hatusikii kwa sababu ya tarumbeta.

Miaka yote hiyo! Jina langu! Nami nikila mahindi ya kukaanga juu kule, sijui lolote.

Roscoe akaja akanishika bega. Akasema kesho nikae naye chini kabisa, nyuma ya benchi la timu, mahali ambapo linasikika. Nafasi mbili, moja yangu na moja ya Arlys. Akasema hata yeye hajawahi kulisikia, na anataka tulisikie pamoja. Akasema pia kwamba mbio zile hazimo katika kitabu chochote cha kumbukumbu, kwa hiyo ni zetu sisi wawili tu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sikulala vizuri. Kadiri nilivyofikiri, ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira. Jina la mtu linatumiwa bure na kila kocha msaidizi! Vijana wanalipigia kelele bila kujua lilikotoka! Heshima iko wapi? Asubuhi, kabla ya kahawa, jibu likaja lenyewe. Namba wamekataa kuistaafisha. Vizuri. Basi wastaafishe jina! Asiwepo kocha wa kulipaza tena mpaka mwisho wa dunia, na liandikwe ukutani.

Nikamwambia Arlys atangulie kwa Roscoe, mimi nitakuja baada ya dakika chache. Nikasimama lango la mashariki na karatasi mpya. Upepo ulikuwa mkali. Watu wanachelewa sana siku hizi, na wanaochelewa hawapendi kusimama. Mara mchezo ukaanza. Mara ikawa nusu ya pili. Ndani nilisikia tarumbeta tu.

Arlys amerudi jioni, mashavu mekundu kwa baridi, akavua viatu na kukaa bila kuvua koti. Anasema Roscoe aliweka koti lake juu ya kiti changu ili mtu asikikalie, akatetemeka bila koti mchana kutwa. Anasema walilipaza. Kocha msaidizi kwanza, halafu timu nzima kwa pamoja, mpaka ukasikia mtikisiko wa benchi. Kila mara Roscoe alivua kofia na kugeuka kutazama ngazi, kama nakuja. Mwisho akaacha kugeuka. Anasema yeye mwenyewe hakuwahi kujua jina alilolipata kwa kuolewa nami linaweza kusikika hivyo, na alilia kidogo, na Roscoe akampa leso.

Nikamwambia ni vizuri wamelifaidi, maana zimebaki mara chache. Nikamwonyesha karatasi. Saini tisa! Hakuna aliyeomba mkate.

Alizisoma zote. Kisha akauliza, kwa sauti ya kuchoka sana, kama nimeelewa kwamba wakistaafisha jina, hakuna mtu atakayelitaja tena.

Nikamwambia ndiyo, Arlys. Ndiyo heshima yenyewe hiyo.